Muulize Bibi Shamba: "Hati ninayo, nitakavyo ndivyo"

Safari hii nimepokea barua nyingi kuhusu mabonde, korosho na mchanga, nami nimechagua tatu. Ya kwanza imenichukua nafasi karibu yote, wenye barua mbili za mwisho mnisamehe. Wanaouliza dawa ya wadudu wa ufuta nawaomba subira.

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi katika kijiji kimoja cha bonde la Mto Lukuledi, mkoani Lindi. Kijiji chetu kilipangiwa matumizi ya ardhi zamani kidogo: juu makazi, mlimani msitu, upande wa magharibi malisho, na bondeni kilimo tu. Kibao kipo hadi leo, ingawa kutu imeshakila maneno ya katikati. Jirani yangu ana hati ya kimila ya ekari tatu pale mfereji unapoingilia majarubani. Mwaka jana alimuuzia mtu wa mjini nusu ya ekari hizo. Huyo mtu ameleta malori ya kifusi, amenyanyua ardhi kwa kimo cha mtu mzima, na tunasikia anataka kujenga ghala na nyumba ya wageni. Mfereji umezibwa. Majaruba yaliyo upande wa juu wa kifusi yamekuwa bwawa, na ya chini, likiwemo langu, mpunga uliungua kwa ukavu ukiwa ndiyo kwanza unatoa mashuke. Tukimwambia jirani, anajibu: "Hati ninayo, shamba ni langu, nitakavyo ndivyo." Mwenyekiti anasema tusubiri. Vijana wetu hawataki kusubiri, wanapanga kwenda usiku kung'oa bikoni na kubomoa msingi. Tufanyeje?
*Mama wa Majaruba, Lindi*

Marahaba, mwanangu. Nianze na vijana, maana wao wana haraka kuliko sheria. Waambie sururu zirudi nyumbani. Alama ya mpaka ikishang'olewa, kesi inageuka usiku huohuo. Leo mnamshtaki mtu aliyeziba mfereji, kesho ninyi ndio mmekaa kwenye benchi la polisi mkieleza mlikuwa wapi saa nane za usiku, na kifusi kinaendelea kumwagwa bila wa kukizuia. Nimeliona hilo kwa macho yangu nikiwa kazini, na mwenye kifusi alinenepa.

Sasa tuingie kwenye hiyo hati anayoipunga. Mwambie aisome hadi mwisho, asiishie kwenye jina lake. Haki miliki ya kimila ni haki ya kukaa na kutumia ardhi kwa masharti. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo inaishika kama mdhamini wa wanakijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeyaandika masharti hayo katika kifungu cha 29: mwenye haki aitunze ardhi ibaki katika hali njema, kama ni ya kulima, ailime kwa desturi ya kilimo bora cha mahali pale, asijenge kabla ya kupata kibali pale kibali kinapotakiwa, atii kanuni na maagizo halali ya Halmashauri ya Kijiji, na alama za mipaka azilinde. Kumwaga kifusi juu ya udongo wa mpunga si kuutunza, hata lugha ikipindishwa vipi.

Watu wengi hawajui kwa nini udongo ule una thamani, hata walioulima miaka yote. Jaruba linashika maji kwa sababu chini yake kuna tabaka la mfinyanzi lililolala pale kwa mafuriko ya miaka na miaka. Mto umelileta kidogo kidogo. Lori likishapita juu yake mara mia na kifusi kikalala, tabaka lile linashindiliwa na kuchanganyika na vipande vya matofali na chokaa. Hata mkishinda kesi na kifusi kikaondolewa, mpunga hauwi ule tena msimu ujao. Na sisi huku kusini hatuna mabonde ya kuchezea. Nimefanya kazi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo mchanga unafyonza mvua yote na maji lazima yasukumwe kwa mashine kutoka bondeni. Kule mama anajua thamani ya ardhi inayoshika unyevu kuliko anavyojua dhahabu. Huku chini mnayo, na mtu anaifukia apate kulaza wageni!

Turudi kwenye kazi. Nenda ofisi ya kijiji kwa mtendaji, na usiende peke yako. Nendeni watano, wawili kati yenu wawe wazee walioshiriki kupanga. Ombeni kuona vitu vitatu: mpango wenyewe wa matumizi ya ardhi pamoja na ramani yake, muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji uliopitisha mpango huo pamoja na orodha ya waliohudhuria, na sheria ndogo za kijiji zilizotungwa kuusimamia. Hicho cha tatu ndicho kinachokosekana mara nyingi. Mpango usio na sheria ndogo ni mbwa asiye na meno, anabweka tu. Sheria ndogo hupitishwa na kijiji kisha zikaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mkikuta kijiji chenu hakina, msikate tamaa, kwa sababu masharti ya kifungu cha 29 yanasimama yenyewe. Lakini anzeni kuzitunga mara moja.

Kisha ulizeni swali ambalo jirani yako hatalipenda: mauzo yale yaliidhinishwa na nani? Haki ya kimila haiuzwi chini ya mwembe kwa mashahidi wawili na soda. Mwenye haki akitaka kuihamishia kwa mtu mwingine, hasa mtu asiye mkazi wa kijiji, lazima Halmashauri ya Kijiji ipelekewe taarifa na iidhinishe. Bila idhini hiyo mauzo hayashiki kisheria, na mtu wa mjini atakuwa amenunua karatasi. Kama idhini ilitolewa, ombeni muhtasari wa kikao kile. Je, waliidhinisha shamba libadilike kuwa ghala? Nani alihudhuria? Nina umri wa kutosha kujua kwamba mwenyekiti anayesema "tusubiri" wakati mwingine anasubiri kitu chake. Lakini simshtaki mtu nisiyemwona, huenda mzee wa watu anaogopa tu.

Mwenyekiti si mwisho wa njia. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa kukutana angalau kila miezi mitatu. Andikeni barua kwa Halmashauri ya Kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa ardhi wa wilaya, mkiomba bonde liwe ajenda. Pelekeni nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri na iandikwe tarehe ya kupokelewa. Halmashauri ya Kijiji ina uwezo wa kumwonya mwenye haki, kumpa ilani ya kurekebisha alichoharibu, kumtoza faini, na mwisho kabisa kuanza safari ya kumfutia haki, ingawa hiyo ya mwisho haimalizwi na kijiji peke yake. Mimi ningeanzia kwenye ilani: mfereji ufunguliwe ndani ya siku mtakazotaja, kifusi kisiongezwe hata toroli moja.

Akikaidi, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji. Hilo lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Hesabuni wa kwenu, maana nimewahi kukuta baraza la wanaume saba na mama mmoja anayechemsha chai. Kazi yake ni kusuluhisha. Baada ya hapo lipo Baraza la Kata, nalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu za ardhi, linapatanisha tu. Likishindwa kuwapatanisha litoe cheti cha kushindwa. Likikaa siku 30 bila kumaliza, mnaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti. Huko ndiko kwenye meno. Na kwa kuwa zege likishakauka kila mtu anaanza kuwa na huruma na hasara ya mjenzi, mwelezeni mwanasheria mapema kuhusu zuio la muda, ujenzi usimame wakati shauri linasikilizwa. Hamna fedha ya wakili? Ulizeni wilayani kuhusu wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na wengi wao wanaijua ardhi ya vijiji kuliko mawakili wa mjini.

Ushahidi uanze kukusanywa leo, si siku ya shauri. Chomekeni mti uliopigwa alama kwenye jaruba la juu na lingine la chini, mpime kina cha maji kila Jumamosi, mwalimu wa shule aandike na kusaini. Pigeni picha mfereji, malori, na mpunga ulioungua. Mwiteni bwana shamba wa kata aandike hasara kwa barua ya ofisi: majaruba mangapi, ya nani, yalitoa magunia mangapi msimu wa nyuma. Pimeni pia umbali kutoka ukingo wa mto hadi kwenye kifusi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kama ghala linaangukia ndani ya mita hizo, mna mlango wa pili wa kugonga, na afisa mazingira wa wilaya ndiye wa kuanza naye.

Sasa niseme jambo ambalo huenda litakuudhi. Jirani yako aliuza kwa nini? Barua yako imeeleza kila kitu isipokuwa hilo. Mtu hauzi nusu ya shamba la bondeni kwa sababu amechoka na mpunga. Mara nyingi ni karo, ni mgonjwa, ni deni la pembejeo, au ni watoto wanaoishi mjini wanaomwambia mzee kilimo ni mateso. Nendeni kwake mchana, wanawake wawili watatu, mkakae mkekani. Mwulizeni. Kama hakuwahi kuidhinishiwa, ataogopa kurudisha fedha aliyoshakula, na hapo ndipo pa kuzungumzia: anaweza kukodisha kwa wanakijiji sehemu iliyobaki, au kikundi chenu kikamsaidia kuilima kwa mgawo. Bonde linalolimwa lote ni gumu kuuzwa. Bonde lenye majani marefu katikati linamwita dalali kama mzoga unavyoita tai.

Nikwambie kwa nini nimekazania karatasi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kwenye mkutano wa kijiji kimoja, sikitaji. Watu walikubali kwa makofi kwamba bonde lao libaki la kilimo daima. Wazee walisema maneno mazuri, mimi nikapewa kuku. Muhtasari ulikuwa uandikwe na mtendaji, aliyesema ataandika kesho, na mimi nilikuwa na pikipiki ya ofisi ya kurudisha kabla ya magharibi. Sikungoja. Mtendaji akahamishwa. Leo katikati ya bonde lile kuna kituo cha mafuta, na nyuma yake uwanja wa kuoshea magari unaomwaga povu kwenye mfereji. Wanakijiji walipokwenda kulalamika waliulizwa, "Mlikubaliana lini?" Makofi hayakuacha alama popote. Wewe una kibao, una ramani, una wazee walio hai. Usingoje mtendaji ahamishwe.

Shikamoo Bibi. Mama yetu alifariki mwaka 2019 akatuachia shamba la mikorosho 84 Mtwara Vijijini. Mimi naishi mjini, kaka yangu ndiye yuko shambani. Tangu watu waanze kujenga kwa wingi, ameacha kupuliza mikorosho dawa ya salfa, anachimba mchanga na kuuza kwa malori. Shimo limefika futi sita, na mikorosho sita imeanguka. Nikilalamika, wajomba wanasema mwanamume ndiye mwamuzi wa shamba. Ni kweli?
*Binti wa Marehemu, Mtwara Mjini*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mama. Wajomba wako wamechekesha. Kwetu sisi wa kusini, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mjomba alikuwa msemaji wa shamba, si muuzaji wake, na shamba la mama lilikwenda kwa watoto wa kike na watoto wao. Mimi mwenyewe mikorosho ninayovuna nilipewa na kaka wa mama yangu. Leo wanageuza mila kichwa chini miguu juu kwa sababu ya lori la mchanga! Na hata kama mila yenu ingesema hivyo, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaitengua mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi.

Swali langu kwako ni moja: je, mlifungua mirathi? Kama hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, kaka yako anauza mali ya marehemu ambayo si yake peke yake, wala wewe huna barua ya kumzuia nayo. Itisheni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari (ndiyo, tena muhtasari), mpendekeze msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi si lazima awe mwanamume wala mkubwa kuzaliwa.

Halafu mchanga. Kaka yako anadhani anauza udongo wa kwake, lakini mchanga ni madini ya ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na biashara ya malori inataka leseni. Mwambie hivyo kwa upole kabla mtu mwingine hajamwambia kwa ukali. Mueleze na hesabu. Mikorosho 84 kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ni kama ekari tatu. Mizizi ya mkorosho inatambaa mbali kuliko kivuli cha matawi yake, kwa hiyo shimo moja halili mkorosho mmoja, linakula yote iliyozunguka kingo zake. Ile sita uliyoiona imelala siyo ya mwisho. Udongo wa juu ndio wenye mboji. Ukishakwenda kujengea vyumba vya watu mjini, kilichobaki chini hakioti hata muhogo wa maana. Mchanga unauzwa mara moja. Mkorosho uliotunzwa utamlisha hadi wajukuu zake, na ghala la chama cha msingi cha ushirika halimuulizi leseni.

Shimo lililopo lisiachwe wazi. Kingo zake zilazwe, ziwe mteremko, mpande majani ya kushika udongo kabla ya masika. Nenda Kituo cha Utafiti Naliendele, hapo hapo karibu na mjini, uulize miche bora ya kuziba mapengo sita. Na mpeleke kaka yako pamoja nawe, ayasikie mwenyewe, asiambiwe na dada.

Bibi Shamba, shikamoo. Mimi ni dereva Dar es Salaam, shamba langu la mikorosho liko Tandahimba. Sijalikanyaga kwa miaka mitatu. Nasikia kijiji kinaweza kulichukua na kuligawa. Kweli?
*Dereva, Mbagala*

Marahaba, baba. Kinaweza, lakini si leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataja miaka isiyopungua mitano ya kutotumiwa kabisa, na kulipumzisha shamba kwa makusudi kunahesabika kuwa ni kulitumia. Kwa hiyo umebakiwa na muda, ila mikorosho yako haijui sheria. Shamba likiachwa mbali na macho ya mwenyewe linakufa lenyewe, huku kusini tumeshalijaribu kwa mkoa mzima. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki kwenye mahame, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei nayo haikumvuta mtu kurudi. Kufika 1986/87 zilipatikana tani 16,500 tu. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliokuwa wakitembea saa mbili kufika kwenye mikorosho yake, kisha akaacha.

Kama huwezi kurudi, mkabidhi ndugu kwa maandishi, mtendaji ashuhudie, muandikiane nani anavuna na nani anapalilia. Mmwambie pia asikate mti wala asimwonyeshe dalali mipaka. Kama unaweza, panda basi mwezi wa nne au wa tano. Mikorosho inataka kupaliliwa na kusafishwa chini kabla haijaanza kutoa maua, na wenzako wa Tandahimba wanaanza kutafuta salfa wakati huo.